Pombe ya Asali, Mizinga ya Nyuki, na Kanuni Yetu ya Tisa

(Maneno yaliyosemwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kitengela)



Halmashauri iliponiagiza niseme machache juu ya mambo ambayo wanachama hujifurahisha kwayo baada ya kazi, nilidhani nimepewa mzigo mwepesi. Nilijua kwamba wazee wetu hucheza bao chini ya mti, kina mama hutunga shanga, na kijana wetu mmoja wa Noonkopir hufungua redio mbovu akazifunga tena, na mara nyingi hubaki mbovu vile vile. Nilikusudia kuwasifu wote, kisha niketi. Walakini nilipoanza kuandika, kalamu ilikataa njia hiyo. Ilinipeleka kwenye jambo ambalo sote tunalijua nyumbani na hakuna alitajaye mkutanoni, yaani pombe inayotengenezwa nyumbani. Najua kwamba baadhi yenu ni watu wa kanisa, nami nimelelewa katika shule ya misheni ambako neno hilo halikutamkwa ila kwa kulikemea. Nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Mji wetu wa Kitengela ni mji wa watu waliokutana. Hapa palikuwa mbuga ya ng'ombe na nyumbu. Hifadhi ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946 wanyama waliendelea kushuka huku wakati wa mvua kutafuta malisho, kama kwamba hawakuambiwa mpaka uko wapi. Halafu viwanda vya saruji vikajengwa Athi River, vikafuatwa na viwanda vya EPZ baada ya sheria ya mwaka 1990, na watu wakaifuata kazi. Katika hesabu ya mwaka 2019 mji huu ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Kila aliyekuja alileta godoro, sufuria, na kumbukumbu ya kinywaji cha kwao. Mkamba ana kaluvu, Mkikuyu ana muratina, Mluhya ana busaa ya unga wa mahindi na wimbi, Mjaluo ana kong'o inywewayo kwa mirija mirefu wazee wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja. Ndugu yetu wa Pwani hulilia tembo la mnazi, naye hulia kuliko wote kwa sababu mnazi hauoti Kitengela. Na Wamasai, ambao ndio wenyeji wetu sote, wana pombe ya asali.

Nitasema zaidi juu ya hiyo ya asali, kwa kuwa ndiyo niliyofundishwa. Mwalimu wangu ni mzee mmoja wa upande wa Bisil. Katika lugha ya Kimaasai neno enaisho maana yake ni asali, na ndilo jina la pombe yake vile vile, kwa hiyo mgeni asiyejua lugha aweza kuomba moja akapewa nyingine. Asali peke yake haichachuki. Ni nzito mno, na hamira haiwezi kufanya kazi ndani yake, ndiyo sababu asali safi hukaa miaka mingi bila ya kuharibika. Lakini ukiitia maji, mlango umefunguliwa. Kipimo cha mzee huyo, nilipokihesabu kwa mizani, kilikuwa kama kilo 1 ya asali kwa lita 3 za maji na zaidi kidogo. Ndani yake hutiwa mizizi ya mshubiri, ambayo Wamasai huiita osuguroi, iliyokwisha kuoshwa na kukaushwa. Wakikuyu na Wakamba hutumia tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia kama soseji ya jitu. Hulipasua, hulichemsha, hulianika juani, mpaka likawa jepesi lenye matundu kama sifongo, na huweza kulitumia tena na tena.

Mizizi na tunda hufanya kazi moja, nayo ni kuwa nyumba ya hamira. Mfaransa Louis Pasteur alionyesha, katika miaka ya 1850 na 1860, kwamba hamira ni kitu chenye uhai, ambacho hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa. Wazee wetu hawakumsoma Pasteur. Lakini walijua kwamba kibuyu kilichokwisha kutumika huanza kazi upesi kuliko kipya, na walijua kukiweka karibu na moto ili kisipatwe na baridi ya usiku. Baada ya siku sita au kumi, kwa kadiri ya joto, mzee huinama akatega sikio juu ya kibuyu. Kikivuma, kazi bado inaendelea. Kikinyamaza, pombe i tayari.

Kijana anayeposa hupeleka asali, na baadaye pombe ya asali, kwa wazee wa upande wa binti. Bila hayo maneno hayaendelei. Morani hakuruhusiwa kuinywa. Wazee huinywa wameketi, kwa utaratibu, na huibarikia shughuli. Aliyeitengeneza huonja kwanza mbele ya wageni wake, na kila anayekunywa anajua imetoka nyumba gani, kwa asali ya mzinga gani. Nilipomwuliza mzee bei ya masomo aliyonipa, alicheka sana, akanituma nikamletee chumvi ya ng'ombe.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kanuni yetu ya Tisa yasema hivi: mwanachama atakayeonekana anapika, anauza, au anakunywa pombe ya kienyeji atatozwa shilingi 2,000, na akiugua kwa sababu hiyo hatasaidiwa na mfuko wa Chama. Kanuni hiyo niliipiga chapa kwa mikono yangu mwenyewe. Na kwa mikono hiyo hiyo, miezi michache baada ya kutoka Bisil, nilitia asali na maji na mizizi katika mtungi wa kioo wa lita 5, nikauficha chini ya kitanda changu.

Mzee alikuwa amenifundisha kuziba kibuyu kwa wepesi, ili hewa itoke. Mimi niliogopa harufu isiwafikie majirani, nikakaza kifuniko kwa nguvu zote. Usiku wa nne, yapata saa nane, mtungi ulipasuka kwa kishindo. Mpangaji wa chumba cha pili alitoka uani na shuka moja, akipiga kelele kwamba gesi imelipuka. Niliwaambia watu wote kwamba ni chupa ya siki. Kulipokucha, siafu walikuwa wamejipanga mstari kutoka mlangoni mpaka uvunguni, na vipande vya kioo vilikuwa vimekwama katika godoro, mahali ambapo mguu wangu ungekuwapo kama nisingelala nimejikunja. Kilichoupasua mtungi ule ni hofu yangu. Asali ilikuwa inafanya kazi yake.

Bwana Mtunza Hazina, shilingi 2,000 hizi hapa mezani. Nitaomba stakabadhi kama mwanachama mwingine yeyote.

Jambo la kuwafukuza wapika pombe si geni katika nchi hii. Katika miaka ya 1920 Baraza la mji wa Nairobi lilijitwalia peke yake haki ya kuwauzia Waafrika pombe, likafungua ukumbi wa pombe Pumwani, na mwanamke aliyepika nyumbani kwake akawa mhalifu. Faida ya ukumbi ule ilitengwa kwa ustawi wa Waafrika wenyewe. Sisi tulio chama cha ustawi tusisahau kwamba neno hili letu liliwahi kulishwa na pipa la pombe. Baadaye, mwaka 1980, sheria ilipiga marufuku chang'aa kabisa. Marufuku hiyo ilidumu miaka 30, mpaka sheria mpya ya mwaka 2010 ilipoiondoa na kuweka leseni na masharti mahali pake. Nani kati yetu awezaye kusema kwamba katika miaka hiyo 30 chang'aa ilikwisha? Ilihamia gizani, na gizani haijulikani kilichotiwa ndani.

Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru huko Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa kwa kinywaji cha bei rahisi kilichotiwa methanoli, na wengine wengi wakapofuka. Mwezi wa Mei 2014 walikufa zaidi ya 80 katika kaunti za Embu, Kitui na nyinginezo. Mwezi wa Februari 2024, Kirinyaga, walikufa watu wasiopungua 17.

Methanoli ni kileo cha viwandani, kitumiwacho katika rangi na dawa za kusafishia. Kwa macho na kwa harufu haitofautiani sana na kileo cha kawaida, na mwuzaji mwenye tamaa huitia ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, nayo hushambulia mshipa wa jicho. Ubaya wake ni kwamba haiumi papo hapo. Mtu hunywa, hulewa kama siku zote, hurudi nyumbani akalala. Na baada ya saa kumi na mbili, au siku nzima, ndipo anapoamka akaona kila kitu kimefunikwa na ukungu mweupe. Akifikishwa hospitali mapema, na akasema kweli amekunywa nini, dawa ipo. Akichelewa, macho hayarudi.

Pombe ya kibuyu, ya asali na maji, haitoneshwi kwa moto, na methanoli inayojitokeza yenyewe ndani yake ni kidogo mno. Sisemi hivyo ili kuisifu. Kileo ni kileo, na kikizidi huharibu ini na huharibu nyumba. Nasema ili tujue hatari iko wapi. Iko kwa mwuzaji asiyeonja anachokiuza, na kwa mnywaji asiyethubutu kusema amekunywa wapi.

Ndugu zangu, mnamjua mwanachama mwenzetu aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Amenipa ruhusa kusema habari zake, naye yuko hapa, ameketi karibu na mlango. Jumamosi moja, miaka michache iliyopita, alikunywa mahali fulani. Hata yeye hajui vizuri kilikuwa kinywaji gani. Jumapili asubuhi aliuona ule ukungu. Mkewe alipomwuliza, alisema ni malaria. Alijua Kanuni ya Tisa. Alikuwa na watoto watatu, na mfuko wa Chama ndio uliokuwa tegemeo lake, kwa hiyo alihesabu kwamba akitaja pombe atakosa vyote. Alikaa na malaria yake ya uongo mpaka Jumatatu jioni. Alipofikishwa hospitali, uhai uliokolewa, macho hayakuokolewa.

Nilipokwenda kumtembelea nilichukua daftari la misaada, nikaandika sababu ya ugonjwa: homa. Hakuna aliyenidanganya. Nilijua, naye alijua kwamba najua, tukanyamaza wote wawili ili fedha zitolewe. Ndivyo kanuni yetu ilivyotufanya: yeye akawa kipofu, mimi nikawa karani mwongo. Daftari hilo liko ofisini, na ukurasa wake sitaung'oa.

Nilimsomea hotuba hii mama mmoja wa Kajiado kabla ya kuja kwenu, maana nilijua hatapendezwa. Aliniacha nimalize habari za kibuyu na wazee na baraka, kisha akasema, "Karani, wewe wazungumza habari za kibuyu. Mimi nazungumza habari za mshahara wa mwisho wa mwezi." Mumewe, marehemu, hakufa kwa methanoli. Alikunywa pombe halali na isiyo halali kwa miaka kumi na minane, akauza shamba la kwao, na siku ya mazishi watoto walikuwa wameondolewa shule. Mama huyo ndiye aliyeomba Kanuni ya Tisa iwekwe. Sikuwa na jibu siku ile, na hata sasa sina jibu kamili. Nilimwambia tu kwamba kanuni haikumzuia mumewe, na kwamba fundi wetu ilimzuia kusema. Alinyamaza kitambo, akaniambia, "Basi hayo ya kusema yarekebishwe. Hayo ya kuuza yaacheni." Naona amesema vizuri kuliko nilivyokuwa nimeandika.

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya mkutano. Maneno ya mwisho ya Kanuni ya Tisa, yale ya kumnyima mgonjwa msaada, yafutwe kabisa leo. Mwanachama aliyekunywa kitu na kuona ukungu apelekwe hospitali na Chama, kwa gari la Chama, na asiulizwe habari za faini mpaka apone. Faini ya kuuza ibaki, na ikiwezekana iongezwe. Ama kutengeneza kwa ajili ya posa na sherehe za wazee, tusijidanganye wala tusiwadanganye wengine: sheria ya 2010 inataka leseni kwa utengenezaji na uuzaji, na tangu Katiba ya mwaka huo habari za leseni hizi ziko mikononi mwa kaunti. Nipeni idhini niandikie ofisi ya kaunti kule Kajiado, niulize kwa jina la Chama wazee wafuate njia gani. Mpaka jibu litakapofika, pombe isitengenezwe kwa jina la Chama, na chini ya kitanda changu kutabaki viatu tu.

Na hapo ndipo ninaporudi kwenye lile mliloniagiza. Niliyempenda kule Bisil hakuwa pombe. Alikuwa mzee aliyejua kitu, akafurahi kupata mtu wa kumwonyesha. Ukimpata mwenye kutunga shanga akakueleza kwa nini rangi hii haikai karibu na ile, au mchezaji wa bao akakurudishia kete ili uone ulipokosea, unapata furaha ile ile, wala haihitaji leseni. Tuna watu wengi wa namna hiyo katika Chama, na kila mmoja amejifungia chumbani mwake kama mtungi wangu.

Wengi mmesikia kwamba tunayo mizinga mitano katika shamba la mwanachama mmoja mbele ya Isinya. Ni mizinga ya aina iliyobuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, yenye vijiti juu ambavyo nyuki hujenga masega chini yake, na mtu aweza kuinua kijiti kimoja akarudisha bila ya kubomoa nyumba yote kama katika mzinga wa gogo. Kuizunguka kumejaa kikwata, mti ambao Wamasai huuita oiti. Miiba yake mmeijua kwa suruali zenu. Wataalamu waliupa jina la Kilatini, mellifera, maana yake uletao asali, na kila anayerina katika nchi hii kavu hukubali kwamba hawakukosea. Katika ukame wa tangu 2020 mpaka 2023, ng'ombe walipokuwa wakifa kando ya barabara ya Namanga, mizinga mitatu kati ya mitano ilihamwa. Sasa yote ina nyuki.

Anayenisaidia kuitunza ni yule fundi wetu. Hushikwa mkono mpaka kwenye mzinga, akaweka sikio ubavuni, akasema huu umejaa, huu uacheni, huu una njaa. Katika mara sita tulizofungua alikosea mara moja, na mara hiyo nilikuwa nikiongea.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutarina mizinga miwili. Gari litaondoka stendi ya Kitengela saa tisa alasiri, maana nyuki wetu ni wakali na hurinwa jua likizama. Wanaotoka Kajiado watusubiri Isinya penye njia panda. Njooni na nguo za mikono mirefu, kila mtu na chombo chake chenye kifuniko. Mwenye bao alete bao, na yule kijana wa redio alete moja iliyo nzima. Kina mama, tafadhali, siku hiyo msijipake manukato.